Kutafuta ukoo na kupima DNA kwa watu wa huku kwetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila siku kwa watu wanaotafuta ukoo, wengine wako Tanga, Mombasa, Unguja, wengine wamezaliwa Muscat au Toronto na wanataka kujua babu alitoka kijiji gani. Nimejibu kama ninavyomjibu mtu tukiwa tumekaa, magumu nimekaa nayo sana, mepesi nimepita tu.

Nianze na DNA au nianze na wazee?

Wazee. Tena wiki hii kama inawezekana. Mate yako unayo leo na mwakani utakuwa nayo, ila bibi mwenye miaka 88 anayejua mama yake alizaliwa wapi akishaondoka hakuna maabara itakayokurudishia hilo jina. Afu kuna sababu ya pili ambayo watu hawaioni mpaka wameshalipa hela, majibu ya DNA yanakuja na orodha ndefu ya watu usiowajua, na ili ujue huyu wa Leicester au wa Salalah mnaungana wapi lazima uwe na majina ya mababu wa pande zote nne, baba mzaa baba, mama mzaa baba, baba mzaa mama, mama mzaa mama, pamoja na vijiji vyao. Usipokuwa nayo utabaki unatazama namba. Mimi naamini kabisa kwamba DNA bila majina mara nyingi haimsaidii mtu wa huku, na ndo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwa wazee hata pale swali linapohusu maabara.

Nimuulize nini mzee? Maana miaka hajui

Usimuulize mwaka, muulize kitu kilichokuwa kinatokea. Mzee wa Songea au Kilwa muulize kama babu yake alikuwa mtu mzima wakati wa Maji Maji (1905 hadi 1907). Wengine wanakumbuka kusimuliwa vita vya Mjerumani (1914 hadi 1918), homa kubwa ya 1918, nzige wa miaka ya 1930, Mau Mau kuanzia 1952, Mapinduzi ya Zanzibar 1964, operesheni vijiji miaka ya 1973 hadi 1976, vita vya Kagera 1978. Wakamba wana majina ya njaa zao na ukiyajua umeshapata kalenda nzima, Ngomanisye ni ile ya 1898 na 1899, Atta ni ya 1961. Wakikuyu na Wamasai wana marika, ukijua babu alitahiriwa na rika gani unajua alizaliwa kati ya mwaka gani na gani bila cheti chochote. Kwahiyo kwenye daftari usiandike "1912", andika "alikuwa mtoto anayechunga mbuzi wakati wa vita vya Mjerumani", maana hiyo ndo habari uliyopewa, ile 1912 ni hesabu yako mwenyewe.

Muulize pia watoto walizaliwa kwa kufuatana vipi, nani alikufa mdogo, kila mmoja alirithi jina la nani, nani alizikwa wapi, nani alihama na alihamia wapi. Wale waliokufa wadogo usiwaruke, mara nyingi jina la mtoto aliyefariki ndo linakuonyesha jina la babu mkubwa ambalo lingepotea.

Na kuwa makini sana na nani ni nani, kwa sababu kwetu baba mdogo ni baba na babu ni kila mzee wa rika la babu. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Bibi, huyo mzee Saidi unayemtaja ni nani kwako?"
"Baba yangu huyo."
"Baba aliyekuzaa?"
"Aa, aliyenizaa ni Hamisi. Saidi mdogo wake, ndiye aliyetulea Hamisi alipofariki."

Usingeuliza mara ya pili ungeandika Saidi kwenye mti wako na kila kitu cha juu yake kingekuwa sawa kwa bahati tu, ila watoto wa Saidi ungewaita ndugu wa tumbo moja na bibi, na DNA ikija inakwambia namba ambazo hazilingani unaanza kumshuku mtu bure. Kwahiyo kila jina uliza: alimzaa nani, na nani, tumbo moja na nani, mama alikuwa mke wa ngapi.

Rekodi sauti kwa simu, ila omba ruhusa kwanza, na usiende na maswali hamsini siku ya kwanza. Nenda na picha za zamani, mzee akishika picha anaongea mwenyewe.

Babu ana majina matatu tofauti, nitampataje kwenye rekodi?

Hilo ni la kawaida sana. Mtu mmoja alikuwa na jina la nyumbani, jina la ubatizo au la Kiislamu, jina la utani ambalo ndo watu wote walimjua nalo, na jina ambalo karani wa kikoloni aliliandika kama alivyolisikia. Karani akisikia r anaandika l, akisikia ng' anaandika ng au n, ndo unakuta ndugu wawili wa baba mmoja wana tahajia mbili na wajukuu wao leo hawajuani. Andika tahajia zote unazoweza kufikiria na utafute zote.

Huku hatuna jina la ukoo linaloshuka miaka mia tatu kama Ulaya, wengi jina la tatu ni la babu tu, kwahiyo kila kizazi linabadilika. Ila jamii nyingi zina utaratibu unaosaidia. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la baba mzaa baba, wa pili la baba mzaa mama, na wasichana hivyohivyo kwa upande wa bibi, so ukijua majina ya watoto kwa kufuatana unaweza kukisia ya mababu. Uchagani jina la ukoo linabaki palepale na kihamba (shamba la ukoo) na makaburi viko palepale. Buganda na Buhaya kuna koo zenye mwiko wake, mnyama au chakula ambacho hamli, na mtu anaweza kusahau jina la babu wa nne lakini mwiko haujasahaulika. Pwani watu wana nisba (jina la ukoo au asili), Mazrui, Busaidi, Harthi, na Washarifu wa Lamu wenye asili ya Hadhramaut wana shajara (mti wa nasaba) zilizoandikwa, muombe mwenye nayo akuonyeshe, usiombe kuondoka nayo.

Rekodi zenyewe ziko wapi?

Ziko sehemu nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila hazijakusanywa mahali pamoja na nyingi hazipo mtandaoni, itabidi uende.

Makanisa ndo hazina kubwa kuliko zote kwa Wakristo. Kitabu cha ubatizo cha misheni ya zamani ya Kikatoliki mara nyingi kimeandikwa kwa Kilatini, kwa kalamu ya wino, mstari mmoja mtu mmoja: namba, siku ya ubatizo, siku ya kuzaliwa (mara nyingi imetangulizwa na *circa*, yaani padri alikisia), jina la baba, jina la mama, kijiji, afu msimamizi, *patrinus* kama mwanaume na *matrina* kama mwanamke, mwisho sahihi ya padri. Ukimpata mtu wako usifunge kitabu, angalia pambizoni. Pale pembeni parokia ilikuwa inaongezea kipaimara na ndoa hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine miaka ishirini baadaye, na kwa njia hiyo unajua binti wa Rombo aliolewa Moshi na nani. Msimamizi naye muandike, mara nyingi ni ndugu au jirani wa karibu. Walutheri, Wamoraviani na Waanglikana nao wana vitabu vyao. Nyaraka za wamisionari wa CMS (shirika la Waanglikana wa Uingereza), ambao Freretown na Rabai zilikuwa chini yao, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na za UMCA (shirika jingine la Waanglikana) waliokuwa Zanzibar, Magila na Masasi ziko Oxford.

Kwa Waislamu tafuta vyeti vya ndoa na talaka kwa kadhi, nyaraka za wakfu, na hasa mafaili ya mirathi. Faili la mirathi ni dhahabu, kwa sababu ili mali igawanywe lazima warithi wote watajwe, wake wote, watoto wote wa kiume na wa kike, na kama marehemu hakuacha mtoto wa kiume wanaingia mpaka ndugu na wana wa ndugu. Karatasi moja inakupa familia nzima siku moja.

Kenya kuna Gazeti la Serikali tangu 1899, ndani yake matangazo ya mirathi na ya watu waliobadili majina, na matoleo mengi yamewekwa mtandaoni unaweza kutafuta jina ukiwa kitandani. Jumba la Kumbukumbu la Taifa lipo katikati ya Nairobi, huko kuna mafaili ya wilaya na machifu. Dar Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga na ina hata nyaraka za Mjerumani. Zanzibar ni Kilimani, kuna nyaraka za Kiarabu na Kiingereza. Vyeti vya kuzaliwa na vifo Tanzania bara ni RITA, wakala wa serikali wa usajili, ila usitegemee kukuta babu aliyezaliwa kijijini 1920, wengi hawakuandikishwa.

Mtandaoni anza na FamilySearch, ni bure, inaendeshwa na kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na wao pia wamekuwa wakirekodi historia za koo za mdomo Afrika. Usisahau nyumbani: kitambulisho cha zamani, kipande cha babu kama kipo, kadi ya TANU, risiti ya kodi ya kichwa, kadi ya kliniki, barua. Na makaburi.

Familia za Kihindi zilizokuja na reli ya Uganda (1896 hadi 1901, vibarua karibu 32,000 waliletwa) watafute pia rekodi za jamaatini kwao, huwa zimetunzwa vizuri.

Babu mkubwa alichukuliwa vitani hakurudi, jina lake nitalipata?

Inategemea alikwenda kama nani. Askari wa KAR (jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) wana nafasi zaidi ya kuwa na rekodi, hasa wa vita ya pili. Ila waliobeba mizigo vita ya kwanza, wale ambao Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimepata majina kwa ajili yao, walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi zaidi kuliko risasi, na wengi hawakuandikwa jina kwenye kaburi wala ukutani. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hilo rasmi Aprili 2021 na inaendelea kutafuta majina. Kama ukoo wenu unamkumbuka mtu kama huyo, andikeni jina, kijiji na alivyochukuliwa, maana kumbukumbu yenu inaweza kuwa ndo rekodi pekee iliyopo.

Kuna vipimo vya aina gani?

Vitatu. Kile cha kawaida kinaangalia kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA) ulizorithi pande zote, ndo kinachokuonyesha ndugu na zile asilimia za maeneo asili yako ilikotoka, kina nguvu kwa vizazi vitano sita hivi. Cha Y (kromosomu ambayo mwanaume anaipata kwa baba yake) ni cha wanaume tu, kinafuata baba, baba wa baba, baba wa babu bila kukatika. Cha mitokondria (DNA ambayo mtu anairithi kwa mama yake tu) kinafuata mama, mama wa mama, kila mtu anaweza kupima, mwanaume na mwanamke. Ukiwa mwanamke na unataka Y ya ukoo wa baba yako, mpime kaka, baba mdogo au mtoto wa kiume wa baba mkubwa.

Anza na cha kawaida. Hivyo vingine vinafuata mstari mmoja tu kati ya mistari mingi uliyo nayo, ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu na Y inakuonyesha mmoja tu.

Majibu yangu yanasema Nigeria na Kameruni, mbona sisi ni Wazigua?

Usishtuke na wala usibadilishe kabila. Kampuni inalinganisha DNA yako na makundi ya watu iliyowapima, na ya Afrika Mashariki ni machache mno, kwahiyo inakuweka kwa anayefanana na wewe kwenye ile orodha yake. Wanaoongea lugha za Kibantu walianza kusambaa kutoka eneo la mpaka wa Nigeria na Kameruni miaka elfu nne mpaka tano iliyopita, kufanana kupo kweli ila ni kwa zamani sana, sio babu yako wa tano. Na Mzigua, Mbondei, Msambaa na Mdigo wameoana karne nyingi, hakuna kipimo kitakachowatenganisha. Hata ikikuandikia "Kenya" na wewe ni wa Mara, mpaka uliwekwa na Wazungu, Wajaluo na Wakurya wako pande zote mbili.

Asilimia zenyewe zitabadilika kampuni ikiboresha mfumo wake, mwakani utafungua akaunti ukute namba nyingine. Kilicho imara kwenye majibu yako ni orodha ya ndugu. Huko ndo ukae.

Kwetu tunasema sisi ni Washirazi, DNA itathibitisha?

Hili swali, la wanaosema asili yao ni Shiraz ya Uajemi, linagusa watu moyoni na limewahi kutumiwa vibaya kisiasa, kwahiyo nalijibu polepole.

Machi 2023 ulitoka utafiti mkubwa kwenye jarida la Nature, mmoja wa viongozi wake ni mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba. Walipima mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800, kwenye miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na Makwasinyi ambayo iko bara, upande wa Taita. Walichokuta ni kwamba kwa wengi wa pwani zaidi ya nusu ya DNA ilitoka Afrika, hasa kwa akina mama, na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia kwa akina baba, wengi wao wa Uajemi, pamoja na kidogo cha India. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Baada ya 1500 asili ya Kiarabu inaanza kuongezeka. Kwahiyo wazee waliposimulia kwamba walikuja watu kutoka Uajemi wakaoa hapa hawakuwa wanatunga, na wale waliosema Waswahili ni Waafrika nao hawakukosea, kwa sababu mama zao walikuwa hapa, lugha ni ya hapa, na mji ulijengwa hapa.

Sasa turudi kwako. Waliopimwa wengi walizikwa kwenye makaburi ya wakubwa wa mji, hawawakilishi kila mtu wa pwani. Na wewe uko mbali na mwaka 1000 kwa vizazi zaidi ya thelathini, babu mmoja wa wakati ule anaweza asikuachie hata chembe ya DNA na bado akawa babu yako halali kabisa. Kwahiyo kipimo kikionyesha Asia ya Magharibi hakijasema ni Shiraz, inaweza kuwa Mwomani wa 1850, na kisipoonyesha hakijafuta simulizi yenu. Kama mstari ni wa baba tupu, Y ndo inaweza kusema kitu cha maana. Ushirazi wa mtu wa Pemba au Tumbatu ni historia ya mji, ndoa na makazi, haukuanzia maabara na hautaishia huko.

Nimeona mtu tuna cM 870, huyo ni nani kwangu?

Hizo ni sentimogani, kipimo cha urefu wa DNA mnayochangia. Kwa wastani mzazi na mtoto ni karibu 3,400, ndugu wa baba mmoja mama mmoja karibu 2,600, babu, bibi, mjomba, shangazi au ndugu wa mzazi mmoja karibu 1,750, mtoto wa mjomba au shangazi karibu 870, binamu wa pili karibu 230, wa tatu karibu 73. Ni wastani tu, binamu wa kwanza wanaweza kuwa na 500 au 1,200 na wote sawa.

Mambo mawili yanatusumbua sana huku. La kwanza ni ndoa za mitara, watoto wa mama tofauti wanakuja na namba ileile ya mjomba au babu na kompyuta haijui. Angalia umri, na kama ni wanawake wawili angalia kromosomu X, mabinti wa baba mmoja wanachangia X nzima waliyopewa na baba. La pili ni kuoana ndugu kwa ndugu, Lamu, Pemba, familia za Kiomani na Kihadhrami, watoto wa ami wanaoana kizazi baada ya kizazi na namba zinapanda, mtu anaonekana binamu wa tatu kumbe ni wa nne kwa njia tatu tofauti.

Mbona sina ndugu hata mmoja wa karibu kwenye orodha?

Kwa sababu hawajapima. Watu wengi mno waliopima wako Marekani na Ulaya. Ongeza mwenyewe: mpime mzee kuliko wote kila upande, maana bibi yako ana DNA ya wazazi wake mara nne ya uliyo nayo wewe. Binamu wa tatu bado wanaonekana mara nyingi, wa nne nusu yao hamtachangia kitu chochote kinachoonekana. Faili lako ghafi unaweza kulidaunlodi na kulipakia kwenye tovuti nyingine zinazopokea, kama GEDmatch, ukaongeza nafasi bila kupima tena, ila soma kwanza nani anaweza kuliona.

Bei je? Na naweza kuagiza nikiwa Dar au Nairobi?

Kipimo cha kawaida mara nyingi ni chini ya dola 100, na ofa zipo karibu kila msimu wa sikukuu. Cha Y cha kina ni dola mamia. Sio kila kampuni inatuma huku, wengi wanapimia kwa ndugu aliye nje au wakati wa safari. Tanzania kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009 inayosimamia uchukuaji na upimaji wa sampuli, kwahiyo kabla ya kutuma mate nje ya nchi uliza Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mzee mwenye mdomo mkavu atapata tabu kujaza kichupa cha mate, mchukulie kampuni yenye kijiti cha pamba cha kupangusa shavuni. Asile wala kunywa nusu saa kabla.

Majibu haya nayapeleka mahakamani kwenye kesi ya mtoto au urithi?

Hapana. Hakuna anayeweza kuthibitisha mate yale ni ya nani. Kesi zinataka sampuli iliyochukuliwa mbele ya wahusika, Tanzania ni kwa Mkemia Mkuu na unakwenda kupitia mahakama, wakili, ustawi wa jamii au polisi.

Data yangu iko salama?

Sio kabisa, na ujue kabla hujatema. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia 23andMe, kampuni ya vipimo hivi, na taarifa za watu karibu milioni 6.9 zikachukuliwa, afu Machi 2025 kampuni hiyohiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika na swali likawa DNA ya wateja itakwenda kwa nani. Unaweza kubadili paswedi ila huwezi kubadili DNA. Tumia jina la kifupi, weka ulinzi wa hatua mbili, kataa kipengele cha utafiti kama hukitaki, na ujue unaweza kuomba akaunti na sampuli vifutwe. Na kumbuka ukipima wewe umewapima kwa kiasi na ndugu zako ambao hawakuulizwa, waambie. Sampuli ya mzee isichukuliwe kwa ujanja eti "mate ya malaria", mweleze, akikataa amekataa.

Nikigundua baba aliyenilea siye aliyenizaa?

Hutokea, na hutokea kwa familia zenye heshima zao. Kwanza hakikisha, namba moja haitoshi, pima ndugu mwingine au angalia binamu wa upande ule wapo au hawapo. Pili usiandike kwenye grupu la wosapu la familia, usimpigie mama usiku ukiwa na hasira, huwezi kujua alipitia nini, pengine hilo jambo lina maumivu ambayo amebeba peke yake miaka arobaini. Mtafute mtu mmoja mzima unayemwamini, shangazi au mjomba mwenye kifua. Kwa Waislamu nasaba kisheria inafuata ndoa, na kampuni ya Marekani haina mamlaka ya kuivunja, zungumza na kadhi au shehe mwenye elimu kabla hujagusa jina au mirathi.

Kama hujajiandaa kwa jibu la aina hii, usipime bado.

Wazee hawataki kuongea, tunahisi tumetokana na watumwa

Waheshimu, ila usiache. Soko la Unguja lilifungwa 1873, hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Zanzibar 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Hiyo ya mwisho ni juzi, kuna wazee leo ambao bibi zao walizaliwa ndani yake, na waliachwa wajibebee fedheha ambayo ilikuwa ya waliowauza. Dalili huwa ni majina kama Mabruki, Feruzi, Almasi, Farjala, au mzee kuitwa Mnyasa, Myao, Mmanyema mahali ambapo hana ndugu wa kabila hilo. Dalili, sio ushahidi, majina hayo walikuwa nayo watu wengine pia.

Njia zipo. Bagamoyo mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha kijiji cha waliokombolewa kuanzia 1868 na waliandika ubatizo na ndoa. Freretown karibu na Mombasa ni ya miaka ya 1870, na Rabai nayo ilipokea wengi, wakiwemo waliorudi kutoka India. Masasi ilianzishwa 1876 na watu walioachiwa huru Zanzibar. Kilimani, Zanzibar, kuna nyaraka za maombi ya uhuru baada ya 1897. Na hapa ndo DNA inafanya kazi ambayo karatasi haziwezi, kwa sababu mstari wa karatasi ulikatwa makusudi. Mtu wa Mombasa akipata binamu wa nne watatu wanne wote wa kijiji kimoja cha Ruvuma au cha Malawi, ameanza kupata mahali.

Mtu wa Mauritius ameniandikia kwamba sisi ni ndugu, ni tapeli?

Akiomba hela, ndiyo. Ila undugu wenyewe unawezekana kabisa. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watu 1,000 kila mwaka, wakapelekwa kwenye mashamba ya Mauritius na Réunion, na wajukuu zao ndo hao wanaokuandikia. Wa Réunion ni wachache kwenye orodha kwa sababu sheria ya Ufaransa inakataza vipimo hivi vya kuagiza nyumbani, wanaopima wanaagizia nje.

Mjibu. Muulize cM ngapi na ndugu gani mnaochangia wote wawili, hao ndo watakuonyesha ni upande wa baba au wa mama. Muulize kama ameangalia daftari za watumwa ambazo Waingereza waliandikisha Mauritius kabla ya 1835, zina jina, umri na mahali pa kuzaliwa, ila "Msumbiji" ikiandikwa humo inaweza kuwa mtu yeyote aliyesafirishwa kutoka pwani hii mpaka Kilwa. Wewe mtumie majina ya koo na vijiji vya upande unaohusika, bila namba za simu za wazee wala picha zao mpaka wakubali. Na usitegemee kupata jina la babu mliyeungana kwake, ni vizazi saba nane, mkipata wilaya mmepata kitu kikubwa.